QABUS BIN WUSHMGIR, AMIRI ALIYEJIJENGEA KABURI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Wewe mwenyewe umeshuhudia, baada ya mazishi watu wakiisha kutawanyika, ndugu wa marehemu hubaki wakiulizana: tumjengee au tusimjengee? Mmoja anataka simenti, mwingine anataka vigae na jina lililoandikwa kwa rangi, wa tatu anasema udongo unatosha na jiwe moja la alama. Pengine wanaachana kwa hasira, na maiti hata hajakaa siku tatu. Juma hii tumeona tukueleze maisha ya mtu mmoja ambaye swali hilo alilijibu mwenyewe kabla hajafa, na alilijibu kwa matofali mengi sana. Jina lake ni Qabus bin Wushmgir, na lakabu yake Shamsul-Maali, yaani jua la mambo matukufu. Lakabu hiyo alipewa na Khalifa wa Baghdad. Alikuwa amiri, au kama wengine wetu tunavyosema huku, mwami, wa nchi ya Jurjan na Tabaristan, katika Uajemi ya kaskazini, pale ambapo milima inashuka kuelekea bahari ya Kaspi. Waajemi wanaiita Jurjan kwa jina la Gorgan. Alifariki zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na jengo lake bado limesimama.

Tuanze na ukoo. Qabus alitoka katika watu wa milimani, hodari wa vita, ambao wakati makhalifa wa Baghdad wamedhoofika kila mmoja alijikatia kipande cha nchi. Ami yake Mardavij ndiye aliyeanzisha ufalme wa ukoo huo, akauawa na askari wake mwenyewe mwaka 935. Baada yake akatawala Wushmgir, baba yake Qabus, ambaye mwaka 967 alikwenda kuwinda, nguruwe mwitu akamshambulia, akafa. Kisha akaja kaka yake Qabus, jina lake Bisutun, naye alipofariki mnamo 977 ndipo zamu ya Qabus ikafika. Utaona kwamba katika nyumba ile utawala ulikuwa kama kisu kisicho na mpini. Kila aliyekishika kilimkata.

Lakini Qabus hakuwa mtu wa upanga tu. Alikuwa msomi wa kweli. Aliandika Kiarabu cha fasaha kiasi kwamba barua zake zilikusanywa na kufanywa kitabu, watu wakajifunza uandishi kwa kuzisoma. Alitunga mashairi kwa Kiarabu na kwa Kiajemi. Na mwandiko wake! Wakati huo palikuwa na waziri mkubwa katika mji wa Rayy, Sahib bin Abbad, naye ni mmoja wa waandishi wakubwa wa zama zile. Inasimuliwa kwamba kila alipouona mwandiko wa Qabus aliufananisha na manyoya ya tausi. Likumbuke jina la waziri huyu, maana tutarudi kwake, na safari hiyo hatakuwa mtu wa kusifu.

MGENI ALIYEKIMBIA NDUGU ZAKE

Qabus alikuwa hajamaliza miaka minne katika kiti chake alipofikiwa na mgeni. Jirani zake wenye nguvu walikuwa ukoo wa Buwayhi, ambao walitawala Uajemi ya magharibi na Iraq, na hata Khalifa alikuwa chini ya mkono wao. Baba wa ukoo huo alipokufa mwaka 976 aliacha watoto watatu, na wale watatu hawakupatana. Mkubwa wao, Adud al-Dawla, alitaka kila kitu. Mdogo wao Fakhr al-Dawla akakimbia, akaingia Jurjan, akaomba hifadhi kwa Qabus.

Adud al-Dawla akatuma ujumbe amtake ndugu yake. Kumbuka huyu ndiye aliyekuwa mtawala mwenye nguvu kuliko wote katika nchi zile. Qabus alijua wazi kwamba jeshi lake halitoshi. Angeweza kutafuta maneno, angeweza kumwambia mgeni atoroke usiku. Alikataa. Mtu ameingia nyumbani kwake ameomba amani, basi hatolewi.

Wewe unayesoma, pengine umepata kukimbia vita na mzigo kichwani, ukapokewa na watu usiowajua. Au wewe ndiye uliyefungua mlango. Unajua basi kwamba kumpokea mkimbizi si neno la mdomoni. Kuna gharama, na mwenye nyumba ndiye anayelipa.

Qabus alilipa. Mwaka 981 jeshi la Buwayhi likaja, likiongozwa na yule ndugu wa kati, Muayyid al-Dawla. Qabus akashindwa karibu na Astarabad, akapoteza nchi yake yote, akakimbilia Khurasan pamoja na mgeni wake. Mwenyeji na mgeni sasa wote wawili ni wakimbizi, wanakula kwa watawala wa Kisamani ambao makao yao yalikuwa Bukhara. Wasamani walijaribu kuwarudisha kwa jeshi, hawakufaulu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Adud al-Dawla akafa mwaka 983. Mwaka uliofuata akafa na Muayyid al-Dawla. Kiti cha Rayy kikabaki kitupu, na waziri Sahib bin Abbad, yule wa tausi, akaandika kumwita Fakhr al-Dawla aje kutawala. Mgeni wa Qabus akaenda, akakalia kiti, na ndani ya milki aliyoipata ilikuwamo Jurjan, nchi ya mtu aliyepoteza kila kitu kwa ajili yake. Wanahistoria wanasimulia kwamba Fakhr al-Dawla alitaka kumrudishia Qabus nchi yake. Waziri akamzuia. Jurjan ilikuwa nchi ya mali, yenye mashamba mazuri na biashara, na kwa hesabu ya waziri haikufaa kuitoa. Fakhr al-Dawla akanyamaza, na akaendelea kunyamaza mpaka alipokufa mwaka 997. Miaka kumi na mitatu mtu anakula matunda ya shamba la aliyemficha.

Sisi tunaoandika karatasi hii tumejadiliana sana juu ya mahali hapa. Mmoja wetu anasema Fakhr al-Dawla alikuwa dhaifu tu, si mbaya. Mwingine anasema udhaifu wa mkubwa na ubaya ni kitu kimoja kwa yule anayeumia. Wewe amua.

KURUDI

Qabus alikaa uhamishoni takriban miaka 17. Alirudi Jurjan mwaka 998, mwaka mmoja baada ya kifo cha Fakhr al-Dawla, wafuasi wake wakamfungulia njia. Aliyetoka kijana wa nguvu akarudi mtu mzima.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya heri kwa elimu. Hapo ndipo Jurjan ilipompata Abu Rayhan al-Biruni, mmoja wa wanachuoni wakubwa kabisa ambao Uislamu umewatoa katika elimu ya nyota, hesabu na historia. Alikuwa bado kijana, hajafika miaka thelathini, naye pia alikuwa amefukuzwa na vita kutoka kwao Khwarazm. Qabus alimpokea. Mnamo mwaka 1000 al-Biruni alimtungia kitabu kikubwa juu ya kalenda za mataifa: jinsi Waarabu, Waajemi, Wayahudi, Wakristo na wengine wanavyohesabu miaka na miezi yao, na sikukuu zao zinaangukia lini. Mwaka 1003 akiwa pale Jurjan aliangalia kupatwa kwa mwezi mara mbili na kukuandika. Baadaye kidogo akarudi kwao.

Tunakutajia hayo kwa sababu yanahusu jengo lenyewe, kama utakavyoona.

MNARA

Mwaka 397 wa Hijra, sawa na 1006 kuingia 1007, Qabus aliamuru lijengwe kaburi lake. Alikuwa bado hai na bado anatawala. Mahali palipochaguliwa ni kilima kifupi cha udongo nje ya mji, katika uwanda tambarare, hivi kwamba msafiri aliona jengo kabla hajauona mji.

Matofali ya kuchoma unayajua. Huku kwetu nani hajafinyanga udongo, akapanga tanuru, akakesha na moto? Basi mnara wa Qabus ni matofali hayo hayo, hayakupakwa rangi wala kutiwa vigae vya kung'aa. Fikiria sasa matofali hayo yanapanda mita 53 kwenda juu. Hiyo ni kama nyumba ya ghorofa kumi na tano na zaidi, imejengwa bila chuma ndani na bila simenti ya viwandani, na watu waliopandisha kila tofali kwa mkono na kamba.

Umbo lake ni la duara kama shina la mti mkubwa. Chini upana ni mita 17, juu ni mita 15 na nusu, yaani linapungua polepole kadiri linavyopanda. Ukuta ni mnene mno. Na ukuta wenyewe haukuachwa laini: kuzunguka duara zimetokeza mbavu kumi, kila moja ina ncha kama kona ya nyumba, zinaanzia chini kabisa na kupanda moja kwa moja hadi chini ya paa. Kama ungelikuwa ndege ukatazama kutoka juu, ungeona nyota ya pembe kumi. Mbavu hizo zinaupa ukuta nguvu. Pia zinashika mwanga: asubuhi upande mmoja wa kila ubavu unang'aa na upande wa pili una kivuli, na jua likitembea vivuli vinatembea nalo. Hakuna pambo jingine la kuzungumzia, isipokuwa kazi ndogo ya matofali juu ya mlango, na maandishi ambayo tutayaeleza.

Paa ni la matofali pia, limechongoka kama pia iliyogeuzwa. Ndani yake kuna kuba, na juu ya kuba ndiyo hiyo pia. Kwa hiyo mapaa ni mawili, moja ndani ya jingine, na maji ya mvua yanateremka bila kupata mahali pa kukaa. Matofali ya paa hayakuwa ya kawaida, yalifinyangwa kwa umbo maalumu ili yalale sawasawa kwenye mteremko. Katika paa pametobolewa dirisha moja dogo, linatazama mashariki. Mwashi yeyote atakuambia kwamba kuta si kazi, kazi ni paa. Lile limekaa miaka elfu, na nchi ile ni nchi ya matetemeko ya ardhi.

Ndani hamna kitu. Mlango mmoja, chumba kimoja cha duara, na giza linalopanda mpaka juu. Hakuna ngazi wala ghorofa.

Sasa maandishi. Kuna mikanda miwili ya herufi za Kikufi zilizofanywa kwa matofali, mmoja mita chache juu ya ardhi, wa pili chini ya paa, na maneno ni yale yale katika yote miwili. Yamegawanywa vipande kumi, kila kipande kati ya ubavu na ubavu, hivyo kuyasoma lazima ulizunguke jengo lote. Yanaanza kwa Bismillah. Kisha yanasema kwamba hili ni kasri refu la amiri Shamsul-Maali Qabus bin Wushmgir, aliyeamuru lijengwe katika uhai wake, na yanataja mwaka. Hayataji kaburi. Yanasema kasri. Aya ya Kurani haikuwekwa, wala dua ya kumwombea maiti msamaha. Na jina la fundi halimo! Yule aliyepiga hesabu ya duara na pembe kumi na akasimamisha paa lile, hatujui alikuwa nani wala alilipwa nini. Jina la amiri limeandikwa mara mbili, la fundi hata mara moja.

Mwaka nao umeandikwa kwa hesabu mbili. Wa kwanza ni 397 kwa mwezi, ndiyo Hijra yetu. Wa pili ni 375 kwa jua, ndiyo hesabu ya Waajemi wa zamani, walioanza kuhesabu kutoka alipotawazwa mfalme wao wa mwisho, Yazdgird, mwaka 632, mwaka ule ule aliofariki Mtume wetu (s.a.w.). Unajua kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, ndiyo sababu Ramadhani mara inatukuta katika mvua na mara katika kiangazi. Ni mambo haya haya ambayo al-Biruni alikuwa ameyaandikia kitabu katika nyumba ya Qabus miaka michache kabla. Hatusemi kwamba al-Biruni ndiye aliyeamuru maandishi yawe hivyo, maana alikuwa ameshaondoka. Lakini unaona wazi kwamba jengo hili lilitoka katika nyumba ambamo watu walikuwa wakifikiri juu ya wakati.

JE, ILIKUWA HALALI?

Ndugu yangu, swali hili tunajua unalo. Katika hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza makaburi kupakwa chokaa, kukaliwa, na kujengewa. Qabus, msomi wa Kiarabu, hakukosa kuijua. Lakini zama zile watawala wa Kiislamu walikuwa wameshaanza kujijengea. Huko Bukhara, kwa Wasamani waliompa hifadhi, palikuwa tayari na jengo zuri la matofali la kaburi la ukoo wa watawala, nalo lipo mpaka leo. Pengine ndiyo sababu akaliita la kwake kasri. Jina likibadilika, moyo hutulia kidogo.

Sisi tunaipenda kazi ya fundi na hatuipendi amri ya amiri. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja. Na ukitaka hukumu kamili juu ya kaburi la mzee wako, mwendee Imamu wako.

HASIRA

Tumekueleza mema ya Qabus. Sasa tueleze lililomwangusha, kwa sababu wanaomwandika hawakulificha, hata mjukuu wake.

Qabus hakujua adhabu ndogo. Mtu akikosa, kubwa au dogo, jibu lilikuwa kuuawa. Hakukuwa na kifungo, hakukuwa na faini, hakukuwa na kumwita mtu kando na kumkanya. Pengine miaka kumi na saba ya kuombaomba ilimfanya aone hila kila mahali. Pengine alikuwa hivyo tangu zamani. Mmoja wa wasimamizi wake, aliyekuwa amekabidhiwa mji wa Astarabad, alituhumiwa kula mali ya serikali, akauawa. Kifo cha mtu huyo kiliwatia makamanda hofu, kwa maana kila mmoja alijiuliza kama kesho si zamu yake. Mtu aliyekataa kumtoa mgeni mmoja kwa wauaji, sasa watu wa nyumbani mwake mwenyewe walikuwa hawalali.

Basi wakapatana. Mwaka 1012 walimwasi. Walijaribu kumkamata katika ngome yake wakashindwa, wakaushika mji, wakamwita mwanawe Manuchihr aliyekuwa Tabaristan. Wakampa maneno mawili: ukubali kutawala, au tutafute mtu mwingine nje ya ukoo wenu. Manuchihr akakubali. Wakati huo baba alikuwa amejitenga Bistam, upande wa pili wa milima. Mwana akamwendea. Inasimuliwa kwamba walikutana wote wawili wakalia, na kwamba Manuchihr alikuwa tayari kupigana kwa ajili ya baba yake. Qabus akaona haina faida. Akakabidhi utawala, akaomba tu aachwe katika ngome ya Janashk amalizie umri wake kwa ibada.

Njiani kwenda Janashk kulitokea jambo ambalo mjukuu wake Kaykavus alilihifadhi katika kitabu cha nasaha alichomwandikia mwanawe mwaka 1082, kitabu kinachoitwa kwa jina la babu huyo, Qabusnama. Qabus alikuwa amebebwa katika machela, na mmoja wa wale waasi ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Akamuuliza mlinzi ni akina nani waliopanga jambo hili na kwa nini. Mlinzi akawataja watu watano, naye mwenyewe yumo, na akamweleza kwamba lililomfikisha hapo ni wingi wa watu aliowaua. Qabus akamjibu kwamba amekosea. Limemfikia hili kwa sababu aliua wachache mno, maana kama angewaua na hao watano asingekuwa ndani ya machela ile.

Soma tena pale, ndugu. Mtu amepoteza ufalme, anakwenda kifungoni, ameshasema atafanya ibada, na bado hesabu anayoipiga ni ile ile. Kaykavus hakuyaandika haya ili kumdhalilisha babu yake. Aliyaandika ili mwanawe aogope kumwaga damu.

Waasi walipoona Qabus bado yu hai, hawakutulia. Walijua akipata nafasi moja tu hatasamehe, naye mwenyewe alikuwa amewafundisha hivyo. Ilikuwa majira ya baridi, na baridi ya milima ile si kama ubaridi wetu wa asubuhi, ni baridi ya theluji. Wakamnyang'anya nguo na matandiko, wakamwacha. Akafa kwa baridi, mtu ambaye jumba lake la matofali lilikuwa tayari limekamilika likimngoja kule uwandani.

Manuchihr alimzika baba yake, akakaa kiasi, kisha akawasaka waliohusika na kuwaua alioweza kuwapata.

Katika siku hizo hizo kijana mmoja tabibu alikuwa njiani. Alikuwa amekimbia kutoka Khwarazm, akapita Nasa, Abiward na Tus, kwa nia ya kumfikia Qabus, aliyesikia kwamba anawaheshimu wanachuoni. Alipoingia Jurjan akakuta amiri ameshapinduliwa na ameshafia ngomeni. Kijana huyo ni Ibn Sina. Alibaki Jurjan kwa muda, akapata nyumba ya kufundishia na mwanafunzi aliyemfuata mpaka mwisho, na hapo hapo akaanza kuandika Kanuni yake ya utabibu, kitabu ambacho matabibu wa Ulaya walikisoma kwa karne nyingi. Hakuwahi kuonana na Qabus.

KILICHOBAKI

Mji wa Jurjan haupo tena. Wamongolia waliuvamia, vita vingine vikafuata, watu wakatawanyika, misikiti na masoko na nyumba vikarudi kuwa udongo. Mji unaoitwa Gorgan siku hizi ni ule uliokuwa Astarabad, si huu wa Qabus. Mnara peke yake ndio ulibaki umesimama, na baadaye mji mpya ukakua kuuzunguka, unaitwa Gonbad-e Kavus, maana yake kuba la Qabus. Wakazi wengi wa huko ni Waturukimeni, Waislamu wa Sunna wa madhehebu ya Hanafi. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliuingiza mnara huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Juu ya maiti yake kuna masimulizi kwamba hakuzikwa ardhini, bali aliwekwa katika jeneza la kioo, likaninginizwa kwa minyororo kutoka kwenye paa, na kila asubuhi jua liliingia kwa lile dirisha la mashariki likamwangaza. Hadithi nzuri, na watu wanaipenda. Mwaka 1899 Warusi walichimba ndani ya mnara kutafuta kaburi. Walikwenda chini zaidi ya mita 10, na bado walikuwa wanakuta matofali ya msingi. Mwisho wa msingi hawakuufikia. Jeneza, minyororo wala mfupa hawakuvikuta.

Ndugu msomaji, karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume wake. Usiitupe njiani wala usifungie bidhaa. Usiisome Imamu anapohutubu. Ukiisha kuisoma mpe jirani yako ambaye hakupata.